Binti muuguzi yuko nyumbani, zahanati ina muuguzi mmoja

Swali: "Sista, mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati hapa Kome, Halmashauri ya Buchosa. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja tu. Akiitwa Nyehunge kwenye semina au akisindikiza mgonjwa, anabaki mhudumu wa afya peke yake. Wakati huohuo binti yangu amemaliza stashahada ya uuguzi, leseni anayo, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani anamsaidia mama yake kuanika dagaa. Redioni nasikia wauguzi hawatoshi na Serikali inaajiri. Inaajiri akina nani? Na sisi huku tufanye nini?"

Shikamoo baba. Pole kwa hali hiyo, na binti naye mpe pole.

Ulichosikia redioni ni kweli, na unachokiona nyumbani kwako ni kweli pia. Watu waliosomea uuguzi nchini si haba kama zamani. Kilicho haba ni nafasi yenye mshahara. Vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka, zahanati na vituo vya afya vinajengwa kila mwaka, lakini anayeamua wauguzi wangapi waingie kazini ni bajeti ya mishahara, na bajeti hiyo imekuwa ikibaki nyuma ya vyuo na nyuma ya majengo. Halafu hata nafasi zikitoka, kisiwa kama Kome kinapata mwishoni na kinapoteza mapema. Nimefanya kazi wodini na baadaye katika kupanga watumishi huku Kanda ya Ziwa, na nakwambia mambo hayo mawili, mshahara na kubaki kituoni, ndiyo yanayobeba swali lako lote.

Tuanze na namna upungufu unavyohesabiwa, maana wengi wanadhani zahanati yenye muuguzi mmoja imepungukiwa na mmoja, au wawili wakizidi. Chukua nafasi moja tu, ya mkunga wa leba, useme isikae wazi hata saa moja mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi mmoja ana wiki 52 za siku 5, yaani siku 260. Toa siku 28 za likizo yake. Toa sikukuu, siku za kuugua, semina, na safari za kufuata dawa na chanjo. Tukadirie siku 22, na hapo tumebana sana. Zinabaki siku 210, ambazo kwa saa 8 kwa siku ni saa 1,680. Gawanya 8,760 kwa 1,680, unapata 5 na ushee. Wauguzi watano kwa nafasi moja! Na hapo bado hakuna aliyekwenda likizo ya uzazi ya siku 84, hatujagusa kliniki ya wajawazito, hatujagusa chanjo za watoto, na mvuvi aliyechanwa mkono na ndoano bado amekaa kwenye benchi anasubiri.

Ndiyo maana mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kituoni, wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 uliweka watumishi 15 kuwa kiwango cha chini cha zahanati na 39 cha kituo cha afya, kada zote kwa pamoja. Zahanati nyingi za mwambao nilizozifahamu, kuanzia upande wa Magu hadi huko kwenu Buchosa, zilikuwa na watumishi wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo unaposikia "upungufu wa watumishi wa afya" kwenye hotuba ya bajeti, ndiyo tofauti hiyo inayosemwa: ikama inataka wangapi, waliopo ni wangapi.

Hesabu peke yake haitoshi kukuonesha uzito wake. Muwazie huyo muuguzi wenu usiku mmoja. Mama amefika saa mbili, njia imeshafunguka sentimita tano. Tangu hapo, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, uchungu uhesabiwe kila nusu saa, presha ipimwe na njia ikaguliwe kila saa nne, na yote yachorwe kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Mtoto akitoka, mama achomwe oksitosini ndani ya dakika moja ili kuzuia damu, kondo litolewe, mtoto akaushwe na asaidiwe kupumua kama amechoka. Saa mbili za mwanzo baada ya hapo mama aangaliwe kila robo saa, kwa kuwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaua haraka kuliko jambo jingine lolote pale leba. Sasa katikati ya robo saa hizo analetwa mtoto mwenye homa kali na degedege. Malaria huku kwetu tunaijua. Muuguzi ni mmoja. Amwache nani?

Na kama mama akianza kutokwa damu, anapewa rufaa. Tunao mfumo wa m-mama, na mkoa wetu unapaswa kujivunia, kwani ulianza kujaribiwa Sengerema na Shinyanga mwaka 2013 kabla ya kupelekwa nchi nzima kuanzia 2022. Unapiga 115 bure, gari la wagonjwa linatafutwa, na lisipokuwepo anapangwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na atalipwa. Ni kazi nzuri sana. Lakini mama anayetoka damu hasafiri peke yake, lazima muuguzi amsindikize. Basi muuguzi anapanda, mnavuka hadi Nyakaliro, na zahanati inabaki kama ulivyoandika mwenyewe, na mhudumu wa afya ambaye hakufundishwa kuzalisha. Mama wa pili akifika usiku huohuo, hakuna mtu. Rufaa imeokoa mmoja na kumwacha mwingine bila mkunga, na kosa si la huyo aliyesafiri.

Vifo vya uzazi vimepungua, na kwa wingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umekuta 556. Hao waliofanya kazi hiyo ni wauguzi na wakunga wachache kwa kubebeshwa zamu mbili mbili, na mimi naamini kiwango hicho hakitashuka tena kwa kasi ileile bila kuongeza watu.

Sasa tumefikaje hapa? Miaka ya 1990, kwa masharti ya kurekebisha uchumi, ajira serikalini zilibanwa kwa miaka kadhaa. Wahitimu wa uuguzi wa wakati ule walikwenda kwenye maduka ya dawa, hospitali za binafsi, au wakaacha fani kabisa. Pengo hilo halikuonekana siku ileile. Lilikuja kuonekana pale walioajiriwa miaka ya 1970 na 1980 walipofika umri wa kustaafu, miaka 60, wakaondoka kwa makundi, na nyuma yao kulikuwa na rika zima ambalo halikuajiriwa. Kisha mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi tulijitolea mawe na mchanga, maboma yakasimama. Mwaka 2016 ajira zikasimamishwa tena kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wa umma wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihitajika, siupingi, kwani mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu aliyesoma kweli. Ila waliotolewa kwenye vituo hawakuzibwa haraka, na kwenye zahanati ya watumishi watatu kumtoa mmoja ni kuondoa theluthi ya nguvu kazi.

Baadaye, mwaka 2021, zikaja fedha za tozo za miamala na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19. Majengo yakaongezeka tena: vituo vya afya vya tarafa, majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi. Nasema hili kwa uchungu kidogo. Jengo linajengwa kwa fedha ya mara moja, na siku ya kulizindua kuna utepe wa kukata. Mshahara wa muuguzi hauna utepe. Ni mzigo wa kila mwezi kwa miaka thelathini, pamoja na mchango wa pensheni yake, na ndiyo maana Hazina huuogopa. Mimi ningependa kila boma la zahanati linapopitishwa kwenye vikao, pembeni yake liandikwe fungu la watakaofanya kazi humo ndani. Mara nyingi halikuandikwa.

Ajira zilipofunguliwa, zilifunguliwa kweli. Aprili 2022 zilitangazwa nafasi 17,412 za walimu na afya, ambapo 7,612 zilikuwa za kada za afya. Aprili 2023 zikatangazwa 21,200, afya wakipata 8,070. Tangu hapo vibali vimeendelea kutoka. Lakini zigawe nafasi 8,070 kwa kada zote, yaani madaktari, tabibu, wafamasia, wataalamu wa maabara na wauguzi, halafu uzigawe kwa halmashauri 184 za Tanzania Bara. Halmashauri moja inapata arobaini na kitu kwa wastani, na Buchosa nayo ina visiwa, ina vituo, ina zahanati, kila mmoja ananyoosha mkono. Mkoa wetu wa Mwanza wenye watu karibu milioni 3.7 kwa sensa ya 2022 unagombea kapu lilelile na mikoa yote.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Serikali ikitangaza ajira, wa kwanza kuomba si wale waliokaa nyumbani peke yao. Wanaomba pia wauguzi walio kwenye hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, kwa kuwa ajira ya Serikali ina uhakika na pensheni. Huku Kanda ya Ziwa hospitali za dini zimebeba sehemu kubwa ya huduma: Bugando ni ya Kanisa Katoliki kwa ubia na Serikali, Sengerema ilikuwa hospitali teule ya wilaya, Sumve ina hospitali na chuo. Muuguzi mzoefu akitoka hospitali ya dini kwenda ya Serikali, takwimu ya ajira mpya inapanda kwa mmoja, lakini wagonjwa hawajaongezewa muuguzi, amehama jengo tu. Na binti yako asiye na uzoefu amepitwa kwenye usaili na mwenye miaka mitano ya wodi. Serikali imekuwa ikilipa mishahara ya watumishi wengi walio kwenye hospitali hizo za ubia, na hilo husaidia kupunguza kuhamahama. Ningependa liongezwe.

Kwa upande wa masomo, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kutoa mikopo kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ni jambo jema kwa mtoto wa mvuvi. Lakini likifanywa peke yake linaongeza foleni ya mlango uleule anaosubiri binti yako.

Sasa nije kwenye kubaki, maana hapa ndipo visiwa vinapoumia zaidi. Nimewaona wauguzi wakipangiwa visiwani Ukerewe na Buchosa, wanaripoti, wanapewa namba ya utumishi, na kabla hawajazoea barua ya kuomba uhamisho imeshaandikwa. Watu huwasema kuwa hawana moyo. Mimi sikubali. Msichana wa miaka ishirini na minne anashuka kwenye kivuko na begi lake, posho ya kujikimu haijaingia kwa kuwa halmashauri inasubiri fedha, nyumba ya mtumishi haipo, anapangishwa chumba kwenye nyumba iliyo karibu na vilabu vya pombe vya mwaloni, na usiku anagongewa mlango aende zahanati kwa miguu na mtu asiyemjua. Hana hakika kama kuna mgonjwa kweli. Anavumilia mwaka, anavumilia wa pili, anaolewa na mwalimu aliye Misungwi, anaomba kumfuata mwenza, na Serikali kwa ubinadamu inamruhusu. Nafasi yake hubaki kwenye karatasi za mahali alikohamia, na ninyi mnarudi kwenye foleni ya kibali.

Vitu vinavyomfanya muuguzi abaki vinajulikana: nyumba yenye mlango unaofungika, maji, umeme wa jua kama gridi haijafika, mwenzake wa kupokezana zamu, na posho zake kulipwa kwa wakati bila kupiga magoti. Taasisi ya Mkapa ilipoanza mwaka 2006 kupeleka watumishi wa afya kwenye wilaya zenye uhaba, iliunganisha ajira na motisha ya kuwafanya wabaki, na wazo hilo bado lina thamani. Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, iliyoanza Julai 2025, imesaidia wa ngazi za chini zaidi, na nimeifurahia. Lakini fedha haimlindi mtu usiku. Nyumba ndiyo humlinda. Daraja la Kigongo–Busisi nalo, lililofunguliwa Juni 2025, limefanya Sengerema na Buchosa zisiwe mbali kama zamani. Muuguzi aliye Sengerema sasa anaweza kwenda Mwanza kwa matibabu ya mwanawe na kurudi bila kulala kwenye foleni ya kivuko, na mgonjwa wa rufaa anafika Sekou Toure au Bugando bila kusubiri zamu ya kuvuka. Kwenu Kome bado maji ni yaleyale, ila safari baada ya Nyakaliro imefupika.

Jambo jingine la kwetu wenyewe wa ziwa: idadi ya watu. Mipango ya Serikali hufuata sensa, na sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku mmoja. Kambi za dagaa hazitulii hivyo. Giza linapokuwa zuri mwalo unajaa vijana kutoka Mara, Geita, Kagera na nchi jirani. Mbalamwezi ikipanda wanaanika nyavu, wengine wanasafiri. Zahanati iliyopangiwa watu wa kijiji inahudumia kijiji na kambi, pamoja na wanaotumia dawa za kufubaza VVU waliohama bila kadi, na wajawazito ambao kliniki ya kwanza waliianzia Ukerewe. Mwenye kupanga watumishi Dodoma hawezi kuyajua hayo kama hayajaandikwa. Nitalirudia hili nikifika kwenye kamati yako, kwa kuwa hapo mna nguvu kuliko mnavyodhani.

Usije ukaambiwa kuwa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii watamaliza tatizo. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafikia 137,294 kwa miaka mitano, na nauunga mkono kwa moyo wote, kwani wanapita nyumba kwa nyumba, wanamtambua mjamzito mapema, wanamkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu dawa zake. Lakini hawazalishi, na haitakiwi wazalishe. Tena wakifanya kazi yao vizuri watawaleta wagonjwa wengi zaidi mlangoni pa yuleyule muuguzi mmoja. Vilevile Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake imepitishwa 2023: mtu akiwa na kadi hatakaa nyumbani na homa. Kadi bila muuguzi ni ahadi ambayo mwananchi atailalamikia, na atakuwa na haki.

Mwaka 2025 tulipata pigo lililotufundisha. Wauguzi kadhaa kwenye kliniki za VVU walikuwa wanalipwa na mashirika kwa fedha za Marekani. Januari mwaka ule Washington iliposimamisha misaada, mikataba ikayumba, na wenye kuumia walikuwa wagonjwa wa mialo, ambao ndio walio wengi kwenye kliniki hizo. Huduma ya msingi kiasi hicho haipaswi kutegemea mkataba unaosainiwa ng'ambo. Azimio la Abuja la 2001 liliwataka viongozi wa Afrika watenge asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nitaendelea kulitaja kila nikipata nafasi.

Nije kwa binti. Kwanza asiiache leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilale. Aihuishe kwa wakati na akusanye pointi za mafunzo endelevu, kwa sababu nafasi hutangazwa kwa siku chache na mwenye leseni iliyokwisha huenguliwa mapema kabisa. Akaunti yake ya Ajira Portal iwe imekamilika sasa, si siku ya tangazo: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na vya chuo, na majina yafanane herufi kwa herufi. Nimeona vijana wazuri wakikwama kwa sababu cheti kimoja kina jina la babu na kingine hakina.

Pili, asikae mbali na mgonjwa. Mwaka wa pili bila kushika mgonjwa unapoteza mkono, na usaili wa siku hizi humuuliza mtu alichokifanya. Aandike kwa Mganga Mkuu wa Wilaya aombe kujitolea, lakini kwa maandishi: barua ya kukubaliwa, kituo alichopangiwa, muda, na msimamizi wake. Hapa nina jambo la kusema kwa wakubwa. Kumtumia mhitimu zamu za usiku bila hata nauli na chakula, kwa sababu tu anatafuta uzoefu, ni kumdhulumu. Halmashauri yenye mapato ya ndani inaweza kuajiri kwa mkataba wa muda, na zipo zinazofanya hivyo. Tuzisifu kwa sauti ili nyingine ziige. Hospitali za dini na za binafsi za Mwanza mjini nazo aziombe, mshahara ukiwa mdogo awe anajenga uzoefu.

Kuhusu kwenda nje ya nchi, najua mawazo hayo yapo nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani mwaka 2023, na nchi tajiri zinawatafuta. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 55 za mwaka 2023 ambazo shirika hilo linataka zisichukuliwe wauguzi kwa kampeni za kuvutia watu, lakini mtu mmoja mmoja hakatazwi kwenda. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wauguzi. Mimi sitamlaumu kijana anayekwenda wakati nchi yake haijampa kazi. Namwomba tu aende kwa wakala mwenye leseni anayetambuliwa na Serikali, na mtu yeyote akidai fedha ya "kuhifadhi nafasi" kabla ya mkataba kuonekana, amkimbie.

Sasa kamati. Mshahara hamna, lakini mnao uwezo wa kutengeneza hoja ambayo halmashauri haiwezi kuikwepa. Kaeni na mganga mfawidhi mfungue vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za kituo. Katika kitabu namba 12 cha leba, hesabuni waliojifungua kila mwezi kwa mwaka mzima, na waliopewa rufaa. Kwenye vitabu vya wagonjwa wa nje, oneni miezi ya giza la dagaa inavyopanda. Muuguzi anayefanya kazi peke yake mara nyingi huandika nusu ya aliyoyafanya, kwa kuwa mkono wake uko kwa mgonjwa, na mzigo usioandikwa hauonekani kwenye mgawo wa watumishi, kwani sasa wanaangalia kazi iliyofanyika, hawahesabu majengo tu. Hapo binti yako angeweza kusaidia kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, akijitolea kwa barua rasmi.

Kisha orodhesheni nyakati ambazo zahanati ilibaki bila muuguzi: tarehe, sababu, nani alifika akakosa huduma. Msiweke majina ya wagonjwa. Uhamisho wowote uliotokea bila mbadala nao muutaje, na pia aliyestaafu, aliyefariki au aliyeacha kazi, kwa sababu kwa hao watatu halmashauri inaweza kuomba kibali cha ajira mbadala, na kibali cha namna hiyo hupatikana kwa wepesi kuliko nafasi mpya, maana mshahara wake ulishakuwa kwenye bajeti. Nimeshuhudia nafasi za marehemu zikikaa miaka bila mtu kuziombea.

Muhtasari huo uingie kwenye kikao cha serikali ya kijiji, upande Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani wenu aupeleke Baraza la Madiwani, nakala kwa Mkurugenzi na kwa Mganga Mkuu. Pamoja nao pelekeni ahadi moja mnayoweza kuitimiza: nyumba. Hata vyumba viwili vya matofali vyenye bati, tangi la maji ya mvua na taa ya sola, na mlinzi wa usiku anayelipwa kwa makusanyo ya zahanati. Mkurugenzi mwenye wauguzi wanne wa kugawa na maombi ishirini mezani atampeleka mtu pale anapojua atalala salama.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ikama na bajeti ya mishahara huandaliwa na halmashauri miezi mingi kabla, ikaenda Utumishi na Hazina, na ikifika Bungeni Aprili hakuna anayeongeza muuguzi wa Kome. Muhtasari wenu uwe mezani kwa Mkurugenzi kabla ya mwisho wa Oktoba.